Maziwa ya Peris

Mwala,
Jumatatu, 24 Novemba 2025

Kaka Musili,

Leo ni tarehe ishirini na nne, na kabla sijaandika lolote nakuahidi kwamba nitakueleza yote, hata yale niliyokatazwa. Usiucheke mwandiko wangu. Naandikia juu ya gunia la mbaazi kwa sababu meza imejaa vikombe vya wageni.

Kwanza, wewe ni baba. Mtoto ni msichana, alizaliwa Alhamisi. Ana nywele nyingi na paji lile lako la kukunja kama mtu anayedai chenji. Jina ni la Mama, kama desturi ilivyo kwa mzaliwa wa kwanza wa kike. Kwa hiyo sasa tuna Ndila mkubwa na Ndila mdogo, na Mama amefurahi mpaka anaongea na mtoto kama mtu anayejisemesha kwenye kioo. "Ndila, umeamka? Hata mimi nimeamka."

Pili, na hili ndilo nililokatazwa. Mkeo alipasuliwa. Uchungu ulimwanza Jumanne, ukaendelea bila faida, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Alhamisi asubuhi daktari akasema mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka na hakuna muda wa kungoja. Peris alitia sahihi mwenyewe. Mimi nilikuwa kando nimeshika viatu vyake, na aliponipa kalamu aliniambia, "Mwongeli, Musili asijue nililia." Samahani, nimeshasema. Kidonda ni kisafi na mtoto hana neno, kwa hiyo tulia.

Lakini Mama ameutangazia mji wote kwamba Peris alijifungua kawaida. Tulipokuwa tunarudi kwa gari la Mzee Kitonga, alitugeukia akasema, "Nyinyi wawili, sikizeni. Hapa hakuna mtu amepasuliwa. Wakijua, watasema ni mvivu wa kusukuma. Na huyu si wa huku, hata hana mama wa kumtetea." Ni kweli, mama yake walimzika Peris akiwa darasa la tano. Mama alisema hivyo kwa kumhurumia, na ndiyo sababu nimekasirika zaidi. Ningekuwa nimemkasirikia mtu mbaya, ingekuwa rahisi.

Sasa sikia jambo lenyewe, yaani maziwa. Nesi Wesley wa wodini alitueleza sote watatu. Alisema kwamba mama aliyepasuliwa, mara nyingi maziwa yake huchelewa kidogo kuliko ya mwenzake, kwa ajili ya dawa za usingizi na maumivu, na pia kwa sababu hakumshika mtoto mapema. Peris alipozinduka, mtoto alikuwa ameshapelekwa kwenye chumba cha joto. Nesi akasema tusibabaike. Yale matone ya manjano ya mwanzo yanatosha, maana tumbo la mtoto mchanga ni dogo kama tunda la zambarau. Awekwe kwenye titi mara kwa mara, asipewe kitu kingine. Na Peris anyonyeshe akiwa amelala ubavu, au amshike mtoto chini ya kwapa kama mtu anayebeba kuku wa kuuza, ili ile miguu isiguse kidonda.

Na hapa nyumbani tunafanya nini? Tunamkalisha kwenye kigoda. Unakijua kigoda cha Mama, kile cha miguu mitatu alichotunyonyeshea sote. Wanawake wa Jumuia ya kanisani walikuja jana alasiri, wamekuja tena leo, kila mmoja na chupa yake ya uji, na desturi yao ni kwamba mzazi akae kigodani katikati ya sebule anyonyeshe huku wakiimba, ili washuhudie. Ukikaa hapo magoti yanakuja karibu na kidevu. Peris anajikunja juu ya kile kidonda ambacho hakipo. Anamwinua mtoto hewani asiguse tumbo, mtoto anapata ncha tu, anavuta upepo, anaanza kupiga kelele. Wanawake wanatikisa vichwa. Leo Mama Nzioka alisema, "Matiti ni mazuri, lakini ni ya picha." Wakacheka. Peris pia alicheka. Baadaye nilimkuta chumbani ameuma pembe ya leso.

Jana Mama alichemsha maji, akatia sukari, akachukua kijiko. Nikamwambia, "Mama, nesi alisema asipewe chochote."

"Nesi Wesley," Mama akaniuliza, "alinyonyesha watoto wangapi?"

Akaendelea kukoroga.

Tafadhali mwandikie Mama. Mwambie unajua kuhusu upasuaji, na unataka Peris afuate maneno ya nesi. Wewe ukisema atasikia. Mimi ni wa kidato cha tatu. Hapa nyumbani natumwa maji, siulizwi maoni.

Ni mimi dada yako,
Mwongeli

*

Mwala
25/11/2025

Mwanangu Musili,

Nakusalimu kwa jina la Yesu Kristo. Mimi Ndila mkubwa niko mzima, na Ndila mdogo ako mzima, ila ana hasira kama ya babako, Mungu amrehemu.

Mwongeli amekuandikia. Sikusoma barua yake lakini huyo mtoto namjua, akishika kalamu hawezi kunyamaza. Ukisoma kitu ya kukushtua, jua hiyo ni shule. Mke wako alijifungua salama kama wanawake wote. Mimi nilikuwa hapo mlangoni. Wewe maliza mafunzo yako ya jeshi. Umengojea hiyo nafasi miaka minne, usiangalie nyuma.

Shida ni moja tu. Maziwa hana. Nimemkalisha vizuri, nimempikia uji wa wimbi, nimempea supu ya miguu ya mbuzi, hakuna. Mtoto anavuta mpaka anachoka. Musili, mimi siwezi kulala njaa katika nyumba yangu mwenyewe, na huyo mtoto ni mimi. Nataka nimnunulie maziwa ya kopo na chupa. Lakini nikisema hivyo Mwongeli anaanza kunifundisha kama niko darasani, na mke wako haongei, ananiangalia tu kama ndama amefungwa kwa mti.

Wewe ndio mwenye nyumba. Andika neno moja, useme apewe chupa, hii kelele iishe. Nitamsomea yeye na huyo mwalimu wako, wote wasikie kwa masikio yao.

Mvua imenyesha vizuri. Mbaazi iko na magugu na wewe ndio hauko.

Ni mimi mama yako,
Ndila

*

Mwala,
Ijumaa, 28 Novemba 2025

Kaka Musili,

Bado sijapata jibu lako, na siwezi kungoja, kwa sababu jana nilifanya jambo, na Mama hajanisemesha tangu jana. Akitaka chumvi anamwambia paka.

Alasiri wanawake wa Jumuia walikuja wote, maana ilikuwa siku ya kumwombea mtoto. Mama, kama mwenyekiti, ndiye aliyeongoza sala. Akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa kwa kumjalia binti yetu kujifungua "kwa njia uliyoiweka Wewe mwenyewe, Bwana, bila kisu." Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Kumdanganya Mama Nzioka ni kitu kimoja, lakini Mungu alikuwa hospitalini na sisi!

Baada ya sala wakamwambia Peris asimame awekewe mikono. Peris alijaribu. Akashika ukuta, akainuka nusu, akarudi chini.

"Simama, mama," Mama Nzioka akasema, "kwani umebandikwa na gundi? Mimi wa kwangu wa tatu, kesho yake nilikuwa nachimba mtaro."

"Ulikuwa unachimba ama ulikuwa unasimamia?" mwingine akamtania.

"Uliza mtaro!"

Wakacheka, na Peris akajaribu tena kwa sababu walikuwa wanacheka, na nikaona jasho kwenye midomo yake. Nikasema. Sikupanga, Kaka. Nilisema tu, "Amepasuliwa."

Mikono iliyokuwa imenyooshwa ikarudi chini.

"Amepasuliwa wapi?" Mama Nzioka akauliza.

"Tumboni. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, Alhamisi iliyopita. Hawezi kukaa hapo chini. Akimweka mtoto kwenye mapaja anaumia, ndiyo sababu mtoto hashiki titi vizuri, na ndiyo sababu maziwa hayaji."

Mama Nzioka alimtazama Peris, akakitazama kigoda, akamtazama Mama. "Sasa Mwenyekiti, sisi siku zote hizi tunamkalisha hapa kama kuku ya kulalia mayai, na tumbo imeshonwa? Na sala tumeitikia amina?"

Mama alivua ule mtandio wake wa Jumuia, akaukunja vizuri, akauweka juu ya kiti. Kisha akachukua jembe nyuma ya mlango, akaenda kupalilia mbaazi na nguo yake ya kanisa. Nilitamani ardhi inimeze. Bado natamani.

Lakini acha nikueleze yaliyofuata, kwa sababu haya ndiyo ningependa uyakumbuke. Wayua, yule bibi wa fundi wa baiskeli, akasema pole pole, "Hata mimi, wa pili, nilipasuliwa."

"Wewe?" wakamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mmeniuliza? Mlikuwa mnaimba."

Akamwinua Peris chini ya makwapa, wakamlaza kitandani kwa ubavu, mto mmoja nyuma ya mgongo na leso iliyokunjwa mbele ya tumbo. Nikamlaza Ndila mdogo kando yake, tumbo kwa tumbo, nikiwa mwangalifu na kidonda, kama nesi alivyotuonyesha. Akatafuta na pua. Akafungua kinywa, safari hii chote. Peris akavuta pumzi, nikafikiri ameumia. "Hapana," akasema, "amenishika." Kisha tukasikia mtoto akimeza. Ni sauti ndogo sana, kama mtu anayehesabu kwa siri. Mama Nzioka aliwanyamazisha wenzake kwa mkono ili asikie, na uso wake ukawa kama wa mtu aliye mbele ya altare.

Leo asubuhi maziwa yamejaa mpaka yanamrukia mtoto usoni. Anapiga chafya. Peris anacheka amejishika kidonda, na ni mara ya kwanza namsikia akicheka bila kuangalia kwanza kama kuna mtu anamtazama.

Mama aliporudi kutoka shamba jana, alipita mlangoni, akaona, akasimama. Nilidhani ataingia. Akaenda kunawa miguu.

Ukiandika, mwandikie kwa upole. Amepata aibu mbele ya watu wake, na ni mimi niliyemtia.

Dada yako,
Mwongeli

*

Chuoni,
1 Desemba 2025

Mama mpendwa, na wewe Mwongeli,

Nimekuwa baba kupitia barua mbili zilizofika kwa mfuko mmoja na hazijuani hata kidogo.

Hapa barua zote zinafunguliwa na Afande kabla hatujapewa. Ameniita mbele ya wenzangu. "Kuruta Musili! Bibi yako amepasuliwa ama hajapasuliwa?" Nikasema, "Sijui, Afande." "Hujui bibi yako amepasuliwa?" "Barua moja inasema ndiyo, Afande, nyingine inasema hapana." Nimezungushwa uwanja na gogo mabegani kwa kosa la kutojua habari za nyumbani kwangu. Wenzangu sasa wananiita Baba Ndiyo-na-Hapana.

Nimefurahi sana, msidhani sijafurahi. Nilipofika mahali pa nywele nyingi nilisoma mara kadhaa. Lakini nyinyi watu mnataka kuniua. Simu tulinyang'anywa siku ya kwanza. Namba ya chuo ni ya misiba peke yake, na siwezi kuomba ruhusa kwa sababu ya titi. Nimelala nikiwaza nani anasema ukweli. Mama, hujawahi kunidanganya. Mwongeli, wewe pia hujawahi, lakini wewe ndiye uliyeandika insha ya kifo cha mbuzi wetu mpaka mwalimu akaleta rambirambi, na mbuzi yuko nyuma ya nyumba anakula.

Kwa hivyo nimeamua hivi, na msiniandikie tena mambo haya. Sitaki mtoto wangu alie njaa huku mkibishana. Kama hana maziwa, hana. Mpeni chupa. Chupa imelea wengi, hata kuna wanajeshi hapa wamekua na chupa na wananishinda mbio. Mwongeli, wachia Mama mambo ya watu wazima. Hilo ndilo neno langu.

Mama, palilieni kwanza ile sehemu ya chini, maji hutuama pale.

Msalimieni Peris.

Musili

*

Mwala
6/12/2025

Mwanangu Musili,

Barua yako imefika jana. Nakuandikia leo kwa sababu nimeamka na mzigo.

Ni kweli alipasuliwa. Nilikuficha. Kwa watu niliwaficha kwa sababu ya midomo yao, lakini wewe nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungetoroka huko usiku huohuo, upoteze kazi, urudi hapa kukaa chini ya ukuta na cheti yako ya shule. Nilisema wacha nidanganye kidogo, Mungu ataelewa. Sasa hata Jumuia wamejua, na nimewaambia wachague mwenyekiti mwingine. Wamekataa. Mama Nzioka amesema niadhibiwe kwa kuendelea. Lakini sio hiyo nataka kusema.

Musili, nilikuomba neno na umeleta neno. Ningejua vile litafanya nisingeomba. Wakati naomba, hana maziwa. Wakati limefika, maziwa iko. Nilikuwa nimeona na macho yangu, tena nilikuwa nimeanza kumpelekea uji kitandani, na kigoda nimepeleka jikoni kuwekea sufuria. Mimi sijui kusema samahani kwa mdomo, nasema na uji, na nilikuwa nafikiri amesikia.

Sasa mke wako amefanya kama vile uliandika. Ameomba ile kopo mwenyewe. Nimemwambia, "Mwana, wachana na karatasi, mpe mtoto titi." Amenijibu na heshima yote, "Mama, ni neno la mwenye nyumba, na ni wewe ulilitaka." Ni kweli ni mimi nililitaka. Siwezi kukuvunjia neno katika nyumba yako, na ni mimi nilimwambia kila mtu kwamba ukisema imekwisha.

Mtoto anakunywa. Lakini akinywa chupa ananiangalia mimi. Haangalii mama yake. Sipendi.

Andika tena, mwanangu. Safari hii andika pole pole.

Mama yako,
Ndila

*

Mwala,
Jumatatu, 8 Desemba 2025

Kaka Musili,

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua ya hasira iandikwe leo na itumwe kesho. Hii itatumwa leo. Mzee Kitonga anaenda posta saa nne na nimemwambia asiondoke bila mimi.

Ulisema tusikuandikie tena mambo haya. Naandika. Ulisema niwaachie watu wazima. Watu wazima ni watatu, na kila mmoja anangoja mwingine aanze.

Nataka ujue jinsi neno lako lilivyofika. Ijumaa Peris alikuwa amelala ubavu ananyonyesha. Wiki nzima mtoto alikuwa ameshiba, nepi zikiloa vizuri, mashavu yameanza kuonekana. Mama akaja mbio na bahasha. Hakuifungua kwa ubaya. Alifikiri ni furaha, akakaa ukingoni mwa kitanda na kutusomea kwa sauti. Alipofika kwa Afande na gogo, tulicheka sote watatu. Peris alisema, "Maskini, mabega yake." Mama akaendelea. Aliposoma "kama hana maziwa," aliona anakoelekea, sauti ikapungua, lakini hakuweza kusimama. Mtu akisoma barua ya mwanawe mbele ya mke wa huyo mwana hawezi kuruka mistari, ataulizwa anaficha nini, na Mama ameshaonekana akificha mara moja. Akasoma yote. Chupa, wanajeshi, mbio, na maji yanayotuama sehemu ya chini.

Peris aliingiza kidole kwenye pembe ya mdomo wa mtoto, akamtoa kwenye titi bila kumwumiza. Akauliza, "Kuna mahali ameniandikia mimi?"

Mama aligeuza karatasi upande wa pili, ingawa alijua ni tupu. "Anakusalimia," akasema.

"Asante," Peris akasema. Kisha akaomba lile kopo la maziwa, ambalo Mama alikuwa amelinunua kabla yake hayajaja na kulificha juu ya kabati.

Nilibishana naye, Kaka. Nilimwambia hukujua, barua yangu ya pili ilikuwa bado njiani, ulikuwa unajibu mambo ya zamani. Alinisikiliza vizuri kama anavyosikiliza kila mtu. Akasema, "Mwongeli, nilipasuliwa peke yangu. Nikashonwa peke yangu. Nikaambiwa nisiseme, sikusema. Nikaambiwa nikae kigodani, nikakaa. Kitu kimoja tu ndicho nilifanya kikakubali. Na mwenye nyumba ameandika kwamba hakipo." Hajalia. Ningependa alie.

Sasa tangu Ijumaa mambo yako hivi. Mtoto akilia, Mama anatengeneza chupa. Mtoto akilia tu, hata akiwa chumba kingine, maziwa ya Peris yanatoka yenyewe, blauzi inaloa mbele mpaka kiunoni. Anajifunika leso. Mama anaona, mimi naona, sote tunaangalia chupa. Asubuhi na jioni Peris anaenda nyuma ya nyumba na kikombe, anakamua, anamwaga kwenye shina la mpapai. Jana Mama alimfuata. "Mwana, hiyo ni chakula ya Ndila unamwaga."

"Ni maji tu, Mama," Peris akamjibu. "Mimi sina maziwa. Imeandikwa."

Mama alirudi jikoni na kukaa kwenye mfuko wa makaa. Mimi nilifikiri nimeshamwona Mama katika kila hali.

Nimekukasirikia, na naomba unisamehe kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Lakini pia nimejikasirikia. Katika barua yangu ya kwanza nilikuomba umwandikie Mama. Mama naye alikuomba uandike neno la kutusomea. Wewe ukatuandikia sisi. Sote tumeandika kuhusu Peris kana kwamba ni shamba lenye mpaka wa kugombania, na hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja, wala kumpa kalamu.

Nesi Wesley alisema titi lisiponyonywa wala kukamuliwa, maziwa hupungua na mwishowe hukoma. Nimefikiria hilo sana. Peris aliyasikia maneno hayohayo. Kama kweli angekuwa amekubali kwamba hana, angejifunga leso kwa nguvu na kuacha yakauke. Badala yake, kila asubuhi anatoka na kikombe, na kidonda chake, na umande. Mtu aliyekata tamaa hakamui. Leo alfajiri nilimwomba anipe kile kikombe kabla hajamwaga. Akanipa. Nilimlisha Ndila mdogo kwa kijiko, na Peris akasimama mlangoni akitazama. Alisubiri mpaka kikombe kikaisha.

Siwezi kumlazimisha, na Mama hawezi kukuvunjia neno. Amebaki mtu mmoja, naye yuko chuoni anabeba gogo. Kwa hiyo nauliza swali moja, na jibu lake nalitaka kwa posta ya kwanza itakayotoka huko. Usinijibu mimi. Usimjibu Mama. Juu ya bahasha andika Peris Wacuka, jina lake peke yake, na hakuna atakayeifungua. Nitaipokea mwenyewe na kumtia mkononi. Ulipoandika kwamba kama hana maziwa, hana, je, Kaka, uliamini hivyo kweli, au ulikuwa umechoka tu kutusoma sisi wawili?

Dada yako,
Mwongeli